Dada Sidi na Wimbo wa Nyangumi

Masikio tayari? Yafungueni vizuri. Midomo ipumzike kidogo, maana hadithi hii ni ya mtu ambaye mdomo wake haukupumzika.

Mtu huyo aliitwa Sidi. Sidi alisomea mambo ya bahari chuoni. Chuo kikamtuma Watamu, kwenye boti ya kuangalia nyangumi, ajifunze kazi ya kuwafundisha wageni.

Alipewa fulana ya buluu. Alipewa kofia. Kisha, bahati mbaya, akapewa kipaza sauti.

Boti iliitwa Tulia. Ilikwenda tu-tu-tu-tu-tu. Mdomo wa Sidi ulikwenda paya-paya-paya-paya.

"Nyangumi si samaki," alisema Sidi. "Nyangumi hupumua hewa. Nyangumi hunyonyesha mtoto wake. Mimi najua. Mimi nimesoma."

Na kweli alijua. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sidi hakuwa debe tupu. Alikuwa debe lililojaa, na lilivuma vilevile.

Wageni walipotazama mawimbi, Sidi alieleza mawimbi. Walipokula ndizi, Sidi alieleza ndizi. Babu mmoja alisinzia. Sidi akamwamsha, akamweleza jinsi nyangumi anavyosinzia.

Nahodha Shebwana, mwenye usukani, alitia pamba masikioni. Alisema ni kwa sababu ya upepo.

Ikafika siku ya mwisho ya mafunzo ya Sidi. Siku hiyo wageni walikuwa watoto wa shule, kutoka kijijini kwao. Katikati yao alikuwemo mdogo wake, Kahindi, asiye na jino la mbele.

Kahindi alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kumsikia nyangumi akiimba. Sidi alikuwa amemwahidi, "Utamsikia kwa masikio yako mwenyewe."

Na ilikuwa leo au basi. Nyangumi walikuwa wanajiandaa kurudi zao kusini, kwenye bahari ya baridi.

"Dada!" Kahindi aliita.

"Hapa mimi si Dada," alisema Sidi. "Hapa mimi ni Mwalimu."

Kahindi akarudi kukaa. Ilimuuma kidogo.

Tu-tu-tu-tu-tu, boti ikaenda mpaka kwenye maji mengi. Nahodha akazima injini. Chubwi, chubwi, yakasema maji.

Nahodha akashusha waya mrefu baharini. Mwisho wa waya palikuwa na kidude cheusi cha kusikia sauti za chini ya maji. Watoto wakakiita sikio. Juu, ndani ya boti, palikuwa na spika.

"Sasa tulieni," alisema Nahodha. "Hata kukohoa msikohoe."

Spika ikasema khrrr. Kisha, kutoka mbali sana, ikasema, "Uuuuuu..."

"Huo ndio wimbo wa nyangumi!" alisema Sidi kwenye kipaza sauti. "Anayeimba ni dume. Dume huimba kwa muda mrefu. Mimi najua. Mimi nimesoma."

Paya-paya-paya-paya. Sidi alipomaliza, nyangumi naye alikuwa amemaliza.

"Mmesikia?" aliuliza Sidi.

"Tumekusikia wewe, Mwalimu," watoto wakajibu wote pamoja, kwa adabu.

Tu-tu-tu-tu-tu, boti ikasogea mbele. Nahodha akazima injini tena. Sikio likazama tena. Chubwi, chubwi.

"Safari hii lazima tunyamaze," alisema Sidi. "Na sasa nitawaeleza kwa nini lazima tunyamaze."

Akawaeleza. Akaeleza faida za kunyamaza. Akaeleza aina za kunyamaza. Spika ikasema "Iiiii," lakini nani angeisikia? Paya-paya-paya-paya.

Nyangumi akapita zake.

Nahodha akatazama mafuta. "Tutasimama mara moja tu," alisema. "Baada ya hapo ni nyumbani."

Kahindi akaanza kulia. Alilia polepole, kamasi na machozi pamoja.

"Unalia nini?" aliuliza Sidi.

"Ulisema nitamsikia nyangumi," alisema Kahindi. "Ninakusikia wewe. Wewe ninakusikia kila siku."

Hakuna aliyecheka. Watoto walitazama miguu yao. Nahodha alitazama bahari, kana kwamba hajawahi kuiona.

Sidi akaona haya. Haya zilianza masikioni, zikashuka shingoni, zikaingia ndani ya fulana ya buluu. Akakiweka kipaza sauti chini.

Tu-tu-tu-tu-tu. Boti ikasimama kwa mara ya mwisho. Sikio likazama. Chubwi, chubwi.

Lakini mdomo wa Sidi haukuzoea kukaa bure. Ulimwasha. Maneno yalisukumana nyuma ya meno, kama watoto mlangoni kengele ya kwenda nyumbani inapolia.

"Kahindi," alinong'ona. "Una hamri?"

Kahindi alikuwa nalo moja mfukoni, andazi lililobaki asubuhi. Lilikuwa limebonyea, na lilikuwa na mchanga kidogo. Sidi akalichukua, akalitia mdomoni zima zima. Mashavu yakavimba.

Kimya.

Chubwi, chubwi.

Kimya.

Khrrr, ikasema spika. Kisha...

"Uuuuuuuu... mmmmmm... iiiiik... Uuuuuuuu..."

Sauti ilijaa boti nzima. Sakafu ilitetemeka chini ya miguu ya watoto. Hakuna aliyekohoa. Kahindi aliacha mdomo wazi, na pengo lake likaonekana lote.

Na Sidi je? Sidi alitoa macho.

Msimu mzima alikuwa ameueleza wimbo huu. Aliueleza asubuhi, aliueleza mchana. Kuusikia, hajawahi hata siku moja. Chozi likamtoka, likateremka mpaka kwenye hamri.

Wimbo ulipokatika kidogo, Kahindi akamvuta fulana.

"Dada, anasema nini?"

Sidi akameza hamri. Watoto wote wakamgeukia. Nahodha akapapasa mfukoni, akitafuta pamba.

"Sijui," alisema Sidi.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Hakuna mtu anayejua bado."

Kahindi akafikiri. "Basi tumsikilize vizuri," alisema, akaegemea begani kwa dada yake.

Nyangumi akaanza tena. "Uuuuuuuu... mmmmmm..." Hamri lilikuwa limekwisha. Sidi alinyamaza hivyo hivyo.

Usiku, nyumbani, Kahindi alijilaza kitandani. "Uuuuu," aliimba. "Mmmm. Iiik. Uuuu."

Alikosea. Sidi alijua amekosea. Alijua amekosea wapi, na kwa nini, na chuoni walisemaje kuhusu jambo hilo.

Akamfunika shuka. Akakaa kando yake akasikiliza, mpaka "uuuuu" ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikawa usingizi.

Na mimi ninayesimulia, mbona bado naongea?

Haya, nimenyamaza. Laleni.