Mwenye Nyumba ya Chini

Ndoo ya maji ambayo Gerishon Sifuna aliiacha katika chumba cha chini Jumamosi jioni ilikutwa tupu Jumapili mchana. Haikuwa imetoboka. Sakafu iliyoizunguka ilikuwa kavu, na plasta aliyoipaka ukutani, ambayo hunyunyiziwa maji siku kadhaa isije ikapasuka, ilikuwa imekauka ikawa na rangi ya jivu.

Alimwita mkewe, Mercyline, aje aone.

"Si wewe umetumia hayo maji?" Mercyline aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Tumekuwa kanisani pamoja tangu asubuhi."

"Basi ni joto, Baba Ryan."

Lakini chumba kile hakikuwa na joto. Gerishon alijaza ndoo tena, akaunyunyizia ukuta. Maji yalizama kabla hayajatiririka. Aliweka kiganja juu ya plasta, na akadhani, kwa muda mfupi tu, kwamba ukuta ulikuwa ukivuta.

Nyumba hiyo ipo Kabiria, Nairobi. Wapo wanaosema ni Riruta, lakini ni Kabiria, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Kwa sababu ya mteremko huo, aliyeijenga, mfanyabiashara wa nyama aitwaye Kitavi, alipata nafasi ya kuweka chumba cha mawe chini ya sehemu ya nyuma, na ngazi ya kukifikia kutoka jikoni. Kitavi alipofariki, mjane wake aliiuza nyumba akarudi Kitui. Gerishon alikikuta chumba kikiwa na sakafu ya udongo na kufuli kubwa mlangoni, kwa upande wa jikoni.

Hakuwa fundi. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini, na kazi ya mikono alijifunza kwa kutazama video kwenye simu. Saa ya chakula cha mchana alishuka Kirinyaga Road kununua dawa ya kuzuia unyevu, waya na swichi, akarudi ofisini na mifuko chini ya meza. Wenzake walimcheka. Hakujali, maana chumba kile kilikuwa cha baba yake.

Mzee Haron Sifuna alikuwa kwao Kimilili, na figo zake zilikuwa zimeshindwa. Daktari alisema ahamie Nairobi, damu yake isafishwe kwa mashine kila baada ya siku chache, ama sivyo asingeuona mwaka mwingine. Tatizo halikuwa hospitali. Tatizo lilikuwa mahali pa kulala. Mzee Haron alishika desturi ya kwao, kwamba mtu halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe.

"Hicho chumba," mzee aliuliza kwa simu, "kina mlango wa kuingia jikoni kwa mke wako?"

"Kuna ngazi, Baba."

"Basi hiyo ni nyumba yako. Niache nife kwangu."

Gerishon aliuziba mlango wa ngazi kwa tofali. Akapasua ukuta wa upande wa mtoni, akatia mlango wa chuma na dirisha. Akaweka sakafu ya simiti, vigae, taa, choo na sinki ndogo. Siku alipomaliza, alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, akasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa mzee hakusikia vizuri:

"Hii si nyumba yangu tena, Baba. Nimeitoa. Wewe ndiye mwenyewe. Aliye ndani yake ni wako, si wangu."

"Hapo sawa," mzee alisema. "Nakuja."

Gerishon alipokata simu, alisikia pumzi nyuma yake. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo mzito baada ya safari ndefu. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mzee Haron alikipenda chumba. Alisifu vigae, akacheka kwamba mwanawe karani ameshika mwiko wa fundi. Mercyline alimpelekea chakula kwa kuzunguka nje, akakiweka kwenye kigoda mlangoni, akasalimu akitazama chini kama ilivyopasa.

Siku moja mchana, akikaanga vitunguu jikoni, alisikia mzee akizungumza huko chini. Alidhani ni simu. Kisha akasikia anayejibu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, iliyozungumza Kibukusu safi cha wazee wa Kimilili, na ilipocheka, vijiko ndani ya sinki vililia.

Jioni alimnong'oneza mumewe, "Baba ana mgeni?"

"Hapana. Hajui mtu hapa."

"Basi kuna mtu. Halafu ile harufu. Huisikii?"

Gerishon alikuwa ameisikia. Ilikuwa harufu ya Dagoretti, ya machinjioni asubuhi, ya damu iliyomwagika karibuni na bado ina mvuke, na ilipanda kati ya tofali za ule mlango uliozibwa. Alijiambia kwamba upepo unatoka huko.

Hospitalini muuguzi alimwita kando. "Huyu mzee anavuja wapi? Tumemwongezea damu juzi. Leo haipo."

Walimpima tumbo, wakampima choo. Hakuvuja popote. Wakamwongezea tena, na aliporudi mara iliyofuata, ilikuwa imekwisha tena. Midomo yake ilikuwa imefifia, kucha zake zimekuwa nyeupe, lakini alikuwa na furaha ambayo Gerishon hakuwa ameiona tangu mama yake azikwe.

Gerishon aliomba ruhusa kazini, akarudi nyumbani mchana bila kumwambia mtu. Umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima. Alishuka kwa nje, akaukuta mlango wa chuma umeegeshwa na pazia la dirisha limefungwa, akausukuma polepole, na katika ule mwanga mdogo ulioingia kwa ufa akamwona baba yake amelala chali, macho ameyafumba, anatabasamu, mkono wa kushoto ameunyoosha nje ya kitanda kuelekea kwenye kona yenye giza kuliko sehemu zote, bandeji ya hospitali imefunguliwa na kukunjwa vizuri juu ya mto, na kutoka kwenye kona ile ikaja sauti aliyoifahamu tangu utotoni, alipokuwa akichuchumaa zizini Kimilili alfajiri, sauti ya ndama anayenyonya.

"Baba!"

Sauti ikakoma. Kitu kikavuta pumzi.

"Funga mlango," mzee alisema bila kufumbua macho. "Unamwangazia."

"Nani, Baba? Unaongea na nani?"

"Mwenzangu. Anaijua nyumba hii kuliko wewe uliyeipaka rangi. Wewe unashuka, unaniuliza kama nimekula, unapanda. Huyu hukaa."

Gerishon alipanda juu, akamwambia Mercyline, naye akavaa viatu pale pale akaenda kumwita Mama Ndunge.

Mama Ndunge alikuwa jirani wao wa upande wa juu, Mkamba, kiongozi wa maombi ya akina mama, na alikuwa Kabiria kabla ya Kitavi kujenga. Aliwasikiliza akiwa amesimama. Alipofika jikoni alinusa mara moja tu.

"Mlitia vigae, mkatia sinki, mkatia mapazia," alisema. "Jirani hamkumuuliza hata neno."

"Tungekuuliza nini, Mama?"

"Kwamba Kitavi alikuwa anatoka machinjioni kila jioni na jerikeni imefunikwa kwa gunia. Kwamba alianza na kioski, na baada ya safari moja ya Mombasa akawa tajiri. Watu walisema amenunua jini. Mimi sikusema. Lakini lile kufuli niliona." Alishusha sauti. "Jini la kununuliwa lina bwana wake. Bwana akifa bila kumrithisha mtu, linakaa na njaa. Linalamba unyevu wa ukuta. Sasa niambie ukweli, Baba Ryan. Kuna mtu alipewa hiki chumba?"

Gerishon alimwambia maneno aliyoyasema kwa simu, yote, kama alivyoyasema.

"Aliye ndani yake ni wako," Mama Ndunge alirudia. "Uii. Ulimkabidhi jini lenyewe."

"Nilisema ili akubali kuja! Baba hawezi kulala kwangu. Ni mwiko."

"Basi mimi hata niombe mpaka kesho, litanicheka. Lina bwana wake halali. Vunja huu ukuta, useme nyumba ni moja, na ni yako. Hapo nitakuwa na pa kusimama."

"Nikivunja atarudi Kimilili. Bila mashine atakufa."

"Na usipovunja?"

Mercyline alikuwa analia kimya. Mama Ndunge alimgusa Gerishon begani. "Nisikize vizuri. Mimi naweza kulitoa ndani ya nyumba. Ndani ya mtu ni kazi nyingine. Tuombe mzee asiwe amelikaribisha huko."

Gerishon alichukua nyundo. Pigo la kwanza lilipotua, mzee alipiga kelele huko chini, "Gerishon! Usinivue nguo mbele ya mkamwana wangu!" na Gerishon akaishusha nyundo, lakini Mama Ndunge alikuwa ameanza kuomba, kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili, na Gerishon akapiga tena, na kila tofali aliyoilegeza ilisukumwa kurudi mahali pake kutoka upande wa pili, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani, akapiga huku akipaza sauti kwamba nyumba hii ni moja, juu na chini, na mwenyewe ni yeye, Gerishon Sifuna, na asiyekaribishwa naye atoke, na harufu ikawa nzito hata Mercyline akatapika kwenye sinki, na vyombo vikaruka rafuni, na kitu kirefu, chenye unyevu, kisichoonekana kikapita kati yao kwa kishindo kuelekea mlango wa nje, kisha, katikati ya jikoni, kikasita.

Kikageuka. Wote watatu walihisi upepo wake ukirudi. Ukapenya kati ya tofali, ukashuka ngazi.

Kisha tofali zote zikaanguka kwa pamoja.

Vumbi lilipotua, waliona ngazi, na chini yake kitanda cha mzee katika mwanga wa jikoni. Harufu ilikuwa imekwisha. Mama Ndunge alipita chumba kwa chumba, akafungua kila mlango, akarudi akifuta jasho.

"Nyumba ni safi," alisema. Hakutazama kule chini.

Gerishon alishuka. Mzee Haron alikuwa ameketi wima, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imepata rangi. Hakutaja mwiko. Hakumtaja mkamwana aliyesimama juu ya ngazi, kichwa wazi, akimtazama. Hilo ndilo lililomshangaza Gerishon kwanza.

"Nisamehe, Baba."

"Hakuna neno. Umesema nyumba ni yako. Ni yako." Mzee alipapasa shuka kando yake. "Njoo basi ukae. Hukai nami kamwe."

Maneno hayo yalimchoma Gerishon. Aliketi. Alimsikia baba yake akipumua kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu mzima wa afya, akataka kumshukuru Mungu kwa sauti.

Mzee Haron aliuchukua mkono wa mwanawe, akaulaza juu ya paja lake. Akalikunja shati la ofisi hadi juu ya kiwiko, kwa uangalifu, bila haraka. Kisha akaanza kuupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ngozi, kutoka kwenye kiganja kwenda juu, mpaka alipoupata mshipa, akatabasamu.