Lita za Papa Nshuti

Saa moja na dakika kumi asubuhi, katika soko la Masisi, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alikuwa anapima fungu la kuni kwa mizani ya kuning'iniza. Mutesi, mwenye kitenge cha manjano na buti za tope, alisimama.

"Kaka, kuni zinauzwaka kwa kilo?"

"Napima moshi yake, dada. Kilo moja ya kuni inatoa hewa ya kaboni kama kilo moja na nusu."

"Moshi iko na kilo? Kuja kwetu, tunatengenezaka fromaji. Utapima mpaka uchoke."

Alikwenda. Jina lake Dusabimana, mwana wa wakulima wa maharage. Mradi uliomtuma ungetoa jiko lisilo na moshi kwa watengeneza jibini wenye kaboni ndogo zaidi kwa kila lita ya maziwa. Mutesi alilitaka: macho ya mama yake yalikuwa yanaharibika. Dusabimana alirudi mara nne ambazo kazi haikuzihitaji.

"Sheri, mupenzi wangu, leo unapima nini?" Mutesi aliuliza.

"Hakuna."

"Na mizani?"

"Ya kumudanganya Papa yako."

Wiki ya tatu matokeo yakatoka. Watengeneza jibini wa Kalembe, walioongoza: gramu mia saba hamsini kwa lita. Kwa kina Mutesi: gramu elfu moja. Simu ya Dusabimana ikalia; alikuwa Mutesi.

"Ulikula fromaji yetu, ukatuweka wa mwisho? Sababu tunachoma kuni mingi?"

"Kuni mingi haiko kosa, kama maziwa nayo iko mingi. Kalembe walichoma kilo makumi tatu, maziwa lita makumi sita. Nyinyi kuni kilo makumi sita, kaboni kilo makumi tisa. Maziwa, Papa yako alisema lita makumi tisa. Gawanya."

Mutesi akacheka mpaka akakohoa.

"Weye mutoto wa maharage. Mufugaji hamuambiake mugeni hesabu ya ng'ombe wala ya maziwa. Anasemaka nusu."

"Basi uniambie weye. Liste ya wenye kupata jiko inafungwa ijumaa."

"Siwezi. Ile hesabu iko ya watu wa nyumba."

"Na mugeni anakuwaka mutu wa nyumba namna gani?"

"Umesoma sana, sheri. Tafuta."

Alhamisi saa nne Dusabimana alifika na baba yake na baba mdogo, wote watatu wamevaa makoti. Papa Nshuti, baba yake Mutesi, alimtazama Dusabimana.

"Unataka binti ao unataka lita?"

"Binti, Papa. Lita nitazikosa, hakuna shida."

Papa Nshuti akamgeukia Mutesi. "Na weye?"

"Namutaka, Papa."

"Basi iko lita mia moja makumi nane."

Dusabimana hakuandika. Mkwe, alisema, hapimi maziwa ya ukweni. Akampigia simu mkuu wake, Marie.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi Marie alipima maziwa mwenyewe, dumu kwa dumu, huku Papa Nshuti akiwa ametazama upande wa pili. Lita mia moja themanini. Gramu mia tano kwa lita. Marie akawaandika wa kwanza kwenye orodha ya jiko, akatia sahihi.