Tone la Pili

Mji wa Makutano ulikuwa umefurika watu wa soko. Ntinyari, koti jeupe limenyooshwa pasi hadi kola, alikuwa akinunua ndizi aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, hiyo koti ni ya meno ama ya bucha?"

Akageuka. Kijana mwenye jaketi ya kijani, ameshika shavu, lakini anacheka.

"Ya meno. Unaumwa?"

"Sana. Naitwa Muturi, natoka Kanja, Embu. Mwezi ujao naenda kuandikishwa jeshi, na wale hukagua mpaka mdomo. Kwa umri wangu, huu ndio mwaka wa mwisho. Nikikosa, basi tena."

Huko kliniki, daktari alisafisha jino. Kazi ya Ntinyari ilikuwa kukoroga dawa ya kuziba: kijiko cha unga, tone moja la maji yake, upesi kabla haijaganda.

"Mikono mizuri hivi," Muturi akanong'ona, "imeolewa?"

"Nyamaza, bwana! Panua mdomo."

Ntinyari akacheka, kijiko cha kukorogea kikasimama, dawa ikakauka. Alipaswa kuitupa na kukoroga nyingine. Lakini daktari alishanyoosha mkono, naye akaona haya. Akaongeza tone la pili. Ikalainika vizuri. Alijua fika kwamba dawa ya hivyo haina nguvu.

Mwezi mzima wakapigiana simu, kila siku saa saba.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe tafunia upande ule mwingine, tafadhali."

"Kumbe unanipenda hivyo!"

"Nakupenda, Muturi."

Njoo tuzibe tena. Maneno matatu tu, jamani! Hakuyasema.

Siku ya kuandikishwa, simu ililia kabla ya saa saba.

"Limevunjika, mpenzi." Muturi alikuwa akilia. "Asubuhi nilikula mahindi. Ulinionya, nikajifanya mkaidi. Wameniondoa kwenye laini. Nisamehe. Nilitaka nikuoe nikiwa na kazi."

Jumamosi Ntinyari alivaa rinda la samawati alilosifiwa na Muturi kwenye picha, akafika Kanja. Akamkuta akichuma majani chai. Akamwambia yote, hadi lile tone.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Na ukaniacha nikuombe msamaha?"

"Niliogopa utaniacha."

Muturi alitupia konzi ya majani kikapuni.

"Jino ningekusamehe, Ntinyari. Lakini kila saa saba tulikuwa tunaongea." Akarudi kwenye majani chai.

Saa saba ikifika, Ntinyari bado hupiga. Simu hulia mpaka ikatike yenyewe.