Godoro Lililokwisha Kulaliwa

"Ombi la Kurejesha Godoro Moja la Watu Wawili Ambalo Halijalaliwa, kwa Sababu ya Kulaliwa."

Ndivyo kijana wa simu wa ile kampuni ya mtandaoni alivyoliandika shauri la Madamu Ihsan, kisha akamsomea ili ahakikishe. Madamu Ihsan akasema ni sawasawa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya vizazi na vifo pale Shubra, upande wa ndani wa dirisha, na alikuwa ameona maombi mabaya kuliko hilo. Aliwahi kumpokea marehemu aliyekuja mwenyewe kulalamika kwamba yu hai. Akamwambia alete mashahidi wawili.

Godoro lilifika adhuhuri ya Agosti, wiki chache kabla ya arusi ya bintiye wa pekee, Nihal. Lilikuwa limefungwa nailoni nene iliyozibwa kwa moto pande zote. Vijana wawili walilipandisha mgongoni hadi ghorofa ya tano, kwa kuwa lifti ya jengo lile iliharibika zama za mfalme na jamhuri bado inaifikiria. Madamu Ihsan alilipa mlangoni kabla ya kuona, kama kampuni inavyotaka, akatia saini kwamba ameona, kama kampuni inavyotaka pia. Likalazwa chumbani kwa Nihal, juu ya makasha ya sahani na sufuria za arusi, lisubiri kuhamia Helwan alikokuwa mchumba wake, Wagih, anapaka rangi nyumba.

Vijana waliposhuka, Nihal alipitisha kiganja juu ya nailoni.

"Mama, mbona kwa ndani kuna mvuke?"

"Joto hilo."

"Joto liko huku nje. Huko ndani anapumua nani?"

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kulicheka.

Majirani walikuwa wamemwonya. Mtaani kwao, zamani kidogo, godoro la arusi halikununuliwa. Fundi alikuja na upinde wake, akakaa uchochoroni kutwa nzima akiupigisha uzi wake juu ya pamba mpaka ikafura kama povu, wanawake wakimpigia vigelegele, na kila mtu akaona kwa macho yake kilichoingia ndani na ambacho hakikuingia. Likishashonwa, bibi mmoja aliwekwa kulilinda hadi siku ya arusi, maana anayelilalia kwanza ndiye mwenye kitanda, na haipendezi mwenye kitanda awe shangazi aliyechoka. Madamu Ihsan alisema pamba inamletea kikohozi. Isitoshe, alikuwa mtu wa ofisi: kitu kikiwa na muhuri wa kiwandani, aliona kimeshalindwa.

Mambo yalianza saa ya kulala mchana. Watu wamekwisha kula wali na mlenda wa sungura, madirisha yamefungwa, mtaa umenyamaza. Nailoni ikalia taratibu chumbani kwa Nihal, kama mtu mwenye usingizi mzito anageuka upande. Nihal alikuwa jikoni anaosha vyombo. Madamu Ihsan akaenda kutazama. Hapakuwa na mtu. Ila palikuwa na harufu ya nywele za mtu aliyelala sana, harufu yenye joto, na chini yake harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Katikati ya godoro palikuwa pamebonyea.

Akamwita bawabu.

"Ami Sabri, nani ana ufunguo wa nyumba yangu?"

"Mungu na mimi, madamu."

"Umelilalia godoro la bibi arusi?"

"Mimi? Juu ya nailoni, mwezi wa Agosti? Nikaangike kama samaki?" Ami Sabri akachungulia mlangoni, na mzaha ukamtoka usoni. Bonde lile lilianzia mahali pa kuwekea kichwa na kuishia ukingoni kabisa, pale ambapo mtu yeyote angekuwa amekwisha zamani. "Madamu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi ni mfupi."

Hakupanda tena ghorofa ya tano. Mkate alianza kuuacha kwenye ngazi.

Madamu Ihsan akapiga simu kwenye kampuni. Akapokewa na kijana aliyejitambulisha kwa jina la Ramiz, mwenye adabu inayoteleza kama sabuni.

"Nailoni imefunguliwa, madamu wangu?"

"Haijafunguliwa."

"Alhamdulillahi! Basi linarudi bila taabu. Lina kasoro gani?"

"Kuna mtu analilalia."

"Juu ya nailoni?"

"Ndani ya nailoni."

Ramiz akabofyabofya kidogo. "Sina sehemu ya 'ndani', madamu. Nina 'rangi siyo', nina 'kipimo siyo', na nina 'nimebadili mawazo'."

"Andika nimebadili mawazo."

"Hiyo haihusu magodoro. Kwa sababu za usafi."

Wakapatana atume picha. Alipiga picha ya nailoni isiyo na hata tundu la sindano na ya lile bonde, na majibu yakaja kabla hajaweka simu mezani: *Kwa mujibu wa picha zako, godoro limelaliwa. Godoro lililolaliwa halirudishwi. Aliyelilalia ndiye mwenye mali. Tunakutakia usingizi mwema.*

Yeye aliyekuwa amewarudisha watu dirishani maisha yake yote, aliusoma ujumbe ule kwa hasira, na pia, lazima isemwe, kwa heshima kidogo.

Kisha Nihal akaanza kubadilika. Chakula cha mchana akawa anakigusa tu, anainuka kabla ya mama yake, anajifungia chumbani, na kutoka huko nyuma ya mlango sauti yake ilisikika ya chini na ya adabu, sauti ya mtu anayezungumza na mgeni wa heshima. Wagih akampigia simu mama mkwe.

"Mama, samahani, Nihal amenikataza nisimpigie mchana. Ananiambia nitamwamsha."

"Basi mwache alale, mwanangu."

"Hapana, mama, hakusema nitamwamsha yeye. Amesema 'utamwamsha'. Nani huyo?"

Madamu Ihsan akakata simu. Akauendea mlango wa chumba cha bintiye, akausukuma polepole, na joto lililomkaribisha lilikuwa la kitanda kilichotokwa na mtu sasa hivi, harufu ile ya nywele na utambi ikamjaa kooni, akamwona Nihal amelala chali juu ya vigae sambamba na lile godoro, macho yamefumbwa, mkono mmoja ameuinua na kuulaza juu ya nailoni kama mke anavyomgusa mumewe usingizini kuhakikisha kwamba yupo, na nailoni ile iliyozibwa kwa moto pande zote ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kwa mpigo uleule wa kifua cha Nihal, mvuke ukiwa umeifanya nyeupe yote isipokuwa mahali pamoja tu, chini ya kiganja cha msichana, ambapo kutoka ndani, vidole vinne virefu vilikuwa vimejipanga na vidole vyake, kimoja kwa kimoja.

"Mama," akasema Nihal bila kufumbua macho, "anauliza Alhamisi ni lini."

Alhamisi ilikuwa siku ya arusi.

Sheikha Nabawiyya, mpunga majini wa Bulaq, alikuja kesho yake na chetezo chake na miguu iliyovimba. Alipumzika kila ghorofa akiilaani lifti. Alipoingia chumbani hakutandika kitu wala kupiga dufu. Alifukiza ubani, akaketi juu ya kasha la sufuria karibu na Nihal aliyekuwa bado sakafuni, akauliza:

"Nani wewe?"

"Mwenye godoro," akajibu Nihal. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, lakini imechoka kama imebebwa miaka mingi.

"Toka."

"Nitoke niende wapi, mama yangu? Kutolewa nimekwisha tolewa. Watu wa mji wa Tanta walinirudisha. Mahalla walinirudisha. Damanhur walinirudisha wakaapa hawajanigusa. Ghala, gari, ngazi; ngazi, gari, ghala. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi sababu. Hapa nimefika kwenye nyumba ya arusi, na nimelala kwanza. Bibi arusi wangu ndiye huyu."

"Kumbe wanauza yaliyorudishwa kwa bei ya mapya!" akapaza Madamu Ihsan.

"Nyamaza, binti yangu," akasema Sheikha Nabawiyya. "Una shida kubwa kuliko hiyo."

Akamvuta jikoni, akafunga mlango, akaomba chai. Wakasemezana kwa minong'ono, birika likichemka kuwafunika.

"Jini mkaidi ningemtoa kabla chai haijapoa. Huyu ana haki, na mwenye haki hatolewi kwa ubani."

"Haki gani?"

"Ya kulala kwanza. Hiyo ni sheria yetu, na nasikia hata ya kampuni yako. Godoro likienda Helwan na binti yako, ameolewa mara mbili, na huyu wa pili hatamwacha aamke. Ukilichoma, atabaki kwa aliye karibu naye."

"Nihal."

"Nihal. Njia ni moja. Apatikane mtu aseme kwa ulimi wake, mbele ya shahidi, kwamba yeye ndiye aliyelilalia, na kwamba hakulala peke yake. Atamfuata huyo. Hataki zaidi ya kukubaliwa, maskini."

"Mtu gani atasema hivyo?"

Sheikha akavuta chai yake kwa kelele, akamtazama juu ya ukingo wa glasi.

"Mimi nina mume," akasema.

Madamu Ihsan hakuwa naye. Marehemu alikuwa amefariki zamani, na cheti chake alikigonga muhuri yeye mwenyewe. Alisimama kizingitini mwa chumba cha bintiye, simu mkononi. Nihal hakuwa amekula tangu jana. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Ramiz mwanangu, ni mimi tena. Wa godoro."

"Madamu wangu! Ningekusahau vipi?"

"Hakuna njia yoyote ya kulirudisha lililolaliwa?"

"Ipo ya huruma. Mnunuzi akikiri kwa sauti yake kwamba amelitumia, tunakata robo ya bei, tunalichukua. Mazungumzo yanarekodiwa, na mimi ni shahidi. Je, uko tayari?"

Madamu Ihsan akamtazama bintiye sakafuni, akautazama mkono uliokuwa juu ya nailoni.

"Niko tayari."

"Nani amelilalia godoro hili?"

"Mimi. Ihsan Abdelmaujud. Nimelilalia mimi."

"Peke yako?"

Nailoni ikaacha kupanda na kushuka. Chumba kizima kikawa kimya, kimya cha mtu aliyeinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia ili asikie vizuri.

"Hapana," akasema Madamu Ihsan. "Sikulala peke yangu. Nina mwenzangu."

Ramiz akakohoa. Alikuwa kijana wa familia nzuri. "Sina sehemu ya hilo, madamu. Nitaandika 'matumizi ya kifamilia'."

Na mbele ya macho ya Madamu Ihsan mvuke ukafutika, kuanzia miguuni kwenda kichwani, nailoni ikang'aa, bonde likajaa polepole mpaka godoro likawa tambarare kama siku lilipotoka kiwandani. Nihal akafumbua macho, akajiinua kwa kiwiko, akapapasa vigae.

"Mama, nafanya nini huku chini? Njaa inaniuma. Simu yangu iko wapi? Wagih ameshapiga?"

Madamu Ihsan akataka kumjibu, lakini Ramiz alikuwa bado anazungumza sikioni mwake, na adabu yake yote ilikuwa imepata ufa.

"Madamu wangu, uniwie radhi. Naomba huyo aliye nyuma yako asogee mbali kidogo na simu. Anapumua juu ya sauti yako, sikusikii."

Yaliyotokea ni haya. Kampuni ililichukua godoro Jumanne na ikarudisha robo tatu ya bei. Nihal aliolewa Alhamisi, anaishi Helwan na mumewe, na analala vizuri. Madamu Ihsan amebaki Shubra, katika kitanda chake cha siku zote, na kila akila chakula cha mchana hufunga madirisha, akajilaza ukingoni kabisa, uso ukutani, ili yule mwingine apate nafasi ya miguu.