Mitikiso Miwili ya Kamba

Wewe ukilala, nani huhakikisha umelala salama? Usijibu haraka. Kaka yangu alijibu haraka.

Kaka ana digrii ya misitu. Mimi nina digrii pia, na godoro sebuleni kwa mama. Alipopata kibarua cha kupima miti, contract ya miezi mitatu, nilimpongeza huku roho ikiniuma. Sikujua.

Haya nimeyapata kwa mpishi wa kambi, dada asiye na maneno mengi, aliyetuletea begi la kaka. Walikuwa watatu tu: yeye, kaka na msimamizi. Chini hapakulalika, siafu na nyoka. Kila jioni kila mtu alifunga kitanda chake cha turubai kati ya miti miwili mibichi, akatazama juu kama kuna tawi kavu, akapachika buti kichwa chini kwenye vijiti, akaingia na kufunga zipu ya chandarua kwa ndani. Mwisho msimamizi alipita akitikisa kamba ya kila mmoja mara mbili, kupima fundo. Ukisikia mitikiso miwili, lala.

Wiki nzima kaka alilala kama gogo. Asubuhi moja akamshukuru msimamizi kwa kutochoka kuwakagua. Msimamizi akaweka kikombe chini.

"Mimi nilitikisa usiku wa kwanza tu," akasema. "Nikajua umenipokea kazi, msomi. Hata yangu inatikiswa."

Wakamgeukia mpishi. Akasema hata yake, na kwamba alishawatukana wote wawili moyoni, wanaume wazima kuchezea kamba ya mwanamke.

Siku hiyo chai ilinywewa kila mtu na kona yake. Msimamizi alimshuku kaka, kaka alimshuku msimamizi, mpishi akalala na kisu. Jioni kaka akaleta usomi wake: akamwaga majivu kuzunguka vitanda vyote, ajulikane mwenye mguu. Wakajifungia.

Hakuna aliyelala.

Kamba ya mpishi ikatikisika. Mara mbili. Ya msimamizi. Mara mbili. Kisha ya kaka.

Mara tatu.

"Dada," kaka akanong'ona gizani, "inatikiswa kutoka juu."

Kulipokucha, majivu hayakuwa na unyayo hata mmoja. Buti za kaka zilikuwa kwenye vijiti, kichwa chini. Zipu imefungwa, kwa ndani, na kitanda kitupu. Mpishi alipitisha mkono chini ya turubai. Lilikuwa bado na joto.

Kampuni imetuandikia kwamba kaka "ameacha kazi kwa hiari". Msituni, pekupeku? Barua ya pili ilikuwa yangu: nafasi iko wazi, niripoti Jumatatu. Miaka minne naambiwa no experience, leo hawataki hata CV. Na mimi sijawahi kuwaandikia.

Begi la kaka, mama amelitundika kwenye msumari, juu ya godoro langu. Jana usiku mkanda wake ulitikisika.

Mara mbili.

Basi ninyi mnaosaini barua, sitaki pole yenu wala ajira yenu. Nijibuni kwa maandishi, na mhuri, kabla ya Jumatatu: nani alikuwa anakagua kamba zenu? Na jina langu mmelipata kwa nani?