Bibi Kitambaa Hajafunga Mlango

"Wote mmetoka? Haya, nafunga mlango."

Hivyo ndivyo Bibi Kitambaa, mwanasesere mwenye macho ya vifungo, alivyomaliza kila kipindi cha watoto enzi zile. Watoto waliomtazama sasa wana vipara na vitambi, na kwenye simu hawaishi porojo: eti kipindi kikikatika kabla hajafunga, mtoto anayetazama hubaki ndani.

Mhariri wa picha kituoni alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mama yake hakucheka. Kitinda mimba wake, mvulana wa miaka sita, alitoweka sebuleni jioni moja umeme ulipokatika, kipindi kikiendelea. Majirani walisema alitoka nje akapotea. Mama hakuwaamini hata siku moja.

Sasa kituo kilikuwa kinakirudia kipindi. Tangazo la sabuni lilikosa nafasi, basi mhariri akakata mwisho wa kipindi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mkasi.

Magharibi, akijiandaa kutoka kazini, simu ikaita.

"Mwanangu, mbona Bibi hajafunga mlango?"

"Nimeukata mwisho, mama. Hebu nipe huyo binti yangu."

Simuni zikasikika hatua za mama, huku na huko.

"Mama?"

"Alikuwa hapa mkekani. Sasa hivi tu."

Mhariri alichomoa kabatini kanda ya zamani ya kipindi, isiyokatwa, akatoka mbio hadi nyumbani.

Sebule ilinuka kitambaa kibichi. Televisheni ilikuwa bado inaonyesha nyumba ya Bibi, bila sauti. Watoto walikaa wakiwa wamegeuza migongo. Picha ile mhariri aliijua vizuri, alikuwa ameshinda nayo siku nzima. Lakini pembeni palikuwa na kichwa kimoja cha ziada, na utepe wa njano aliomfunga bintiye asubuhi.

"Kanda," mama alinong'ona, akiondoa kitambaa kilichofunika deki ya kanda ambayo hakuwahi kukubali itupwe. "Weka, upesi!"

Kanda ilikwaruza... ikashika.

"Wote mmetoka?"

Watoto wakasimama. Mmoja mmoja wakapita mlangoni. Utepe wa njano nao ukasogea, ukafika kizingitini.

Nyuma ya binti alisimama mvulana mdogo mwenye kaptura. Binti akamtazama, akasogea kando kwa adabu, kama mhariri, mama yake, alivyomfunza: mpishe mwenzako kwanza.

"Hapana! Toka, mwanangu! Toka!" mhariri alipiga kelele.

"Haya, nafunga mlango."

Kioo kikawa cheusi.

Mkekani kitu kikapumua. Mvulana alikuwa amekaa pale, miaka sita ileile, na kaptura ileile.

"Dada," alinong'ona, "yule mwenye utepe amenipisha."

Mama alimvamia, akamkumbatia, akilia na kucheka kwa pamoja. Hakumwangalia mhariri hata kidogo. Hakuuliza lolote.

Mhariri akairudisha kanda nyuma, akabonyeza tena.

Picha ilikuwa moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mlango. Na nyuma yake, mtu alikuwa anagonga taratibu, kwa adabu.