Saa ya Mashine Namba Mbili

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na saba, ni mama wa binti mmoja, na nafanya kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Singida Mjini. Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimeshapewa ya kutosha, nyingine ya kweli, nyingine ya kutafuta umbea tu... Naandika kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani, leo hii, anamtetea mtu mbele ya ndugu zake kama nilivyomtetea mimi.

Kazi yangu ni ya ofisini. Oda za wateja zikiingia, mimi ndiye napanga mashine ipi ikamue, kiasi gani na lini. Mume wangu, Elia, alikuwa kule chini kiwandani, msimamizi wa mashine namba mbili, ile kubwa kuliko zote. Tulikutana hapo hapo kazini, tukafunga ndoa kanisani, Mungu akatujalia binti yetu Glory. Wenzetu walitutania kwamba kiwanda tumekimiliki sisi, mke anapanga, mume anakamua.

Anayeishi Singida anajua msimu wa alizeti ulivyo. Malori ya magunia yanapanga foleni mpaka barabarani, mashine zinanguruma usiku na mchana, na mwanaume wa kiwandani nyumbani humwoni. Sisi wake zao tumezoea. Mtu akikuuliza mumeo yuko wapi, unajibu "msimu", na hakuna anayeuliza tena. Neno hilo moja linafunika mambo mengi, jamani!

Mwanzoni mwa msimu ule, bosi wetu alikuwa amechoka na sisi. Ofisi na kiwanda tulikuwa kama watu wa nyumba moja wasiosalimiana. Kompyuta ya ofisini inasema oda imekamilika, kule chini mbegu hazijaguswa. Tunawaagiza wakamue, wao wanatwambia mashine mbovu tangu juzi. Akamleta mhandisi kutoka Dar, auunganishe mfumo wetu wa kupanga kazi na ule unaoendesha mashine, ili izungumze yenyewe.

Mhandisi yule alikuwa kijana mpole. Alitueleza kwamba hatuna haja ya kubuni kitu, viwanda vya duniani vimeshakubaliana viwango vya pamoja. Ofisi inasema kitu gani kikamuliwe na kiasi gani. Kiwanda kinarudisha taarifa ya kilichofanyika kweli. Kila mashine iwe na jina moja linalojulikana pande zote mbili, na kila sababu ya mashine kusimama iwe na neno moja ambalo wote wamelikubali.

Wa kuchagua maneno hayo tukateuliwa mimi na Elia. Tulikuwa tunakaa mezani kwetu jioni mpaka ugali unapoa, tunabishana na kucheka. Umeme, mbegu kuisha, ubovu, usafi... Hilo neno "usafi" nililipendekeza mimi mwenyewe, kwa sababu mashine ikikamua sana inabidi isimamishwe, isafishwe mashudu yaliyoganda. Mnaamini kwamba zile zilikuwa siku tamu kuliko zote za ndoa yangu?

Jambo moja tu lilitugombanisha. Elia hakutaka saa za mashine kusimama zifike ofisini. Alisema ofisi inahitaji mafuta, haihitaji kuchungulia watu wakifanya kazi. Nikambishia. Nikamwambia bila saa hizo mpango wangu ni wa kubahatisha. Mhandisi akawa upande wangu, nikashinda. Nilidhani ni kiburi cha wanaume wa kiwandani, nikamcheka hata chumbani.

Basi mifumo ikaunganishwa. Kila jioni nilikuwa nafungua kompyuta naona kazi ya mume wangu. Mashine namba mbili ilikuwa inasimama mara kwa mara saa mbili asubuhi, sababu usafi, inakaa muda, kisha inawaka tena. Sikushangaa, maana kwetu usafi hufanywa asubuhi. Nilijisikia fahari kuwa na mume anayeitunza mashine yake namna ile.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaumwa kijijini Sepuka. Nikaomba ruhusa nikaenda kumuuguza. Mchana mmoja hali ikabadilika ghafla, pumzi zikawa za kukatika, macho hayanioni. Nikampigia Elia alete pikapu yetu tumkimbize hospitali mjini.

Alipokea upesi. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya taratibu.

"Mama Glory, namba mbili imepamba moto, siwezi kuiacha hata kidogo," alisema. "Tafuteni bodaboda, nitawakuta hospitali."

Nami nilimwelewa! Nani kama mimi alijua kwamba mashine ile haiachwi ikiwaka bila msimamizi wake? Tukampakia mama kwenye bodaboda, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, khanga imetufunga sote watatu. Njiani alikuwa ananiuliza kama tumefika. Nikawa namwambia karibu, mama, karibu... Kisha akaacha kuuliza. Dereva alisimamisha pikipiki pembeni bila kuambiwa, akavua kofia, akageuza uso.

Mji hatukuuona.

Msibani, kaka yangu mkubwa, Daudi, aliuliza mbele ya watu gari la shemeji lilikuwa wapi. Nikawaka kama nimemwagiwa mafuta ya moto. Nilimjibu kwamba yeye amezoea jembe, kazi za kiwandani hazijui, anyamaze. Nilimwambia hivyo kaka aliyenibeba mgongoni, na mama hajazikwa!

Na je, mnajua nani alisimamia masufuria ya msiba ule? Zuhura, mama lishe wa getini kwetu, ambaye wali wake nilikuwa nakula karibu kila siku. Alikuja na Elia kwenye pikapu, akalia kuliko sisi tuliofiwa. Nilimwona ni zaidi ya ndugu. Tulipogawana vitu vya mama, nilichukua khanga yake moja ya kijani nikampa yeye iwe kumbukumbu.

Niliporudi kazini nilifungua kompyuta nikaitafuta siku ile. Mchana wote mashine namba mbili ilikuwa inawaka. Ilikuwa imesimama asubuhi tu, kwa usafi. Moyo ukatulia, nikampigia kaka Daudi hapo hapo. Nikamwambia ushahidi ninao, shemeji yako alikuwa kazini, na mashine haisemi uongo. Akajibu, "Sawa, mdogo wangu." Baada ya hapo hakunipigia tena.

Msimu ulikuwa unaelekea mwisho bosi alipokuja na lalamiko jipya. Kompyuta ilikuwa inaonyesha kwamba mafuta ya mashine namba mbili yanalala muda mrefu kabla ya kujazwa kwenye madumu. Watu wa kujaza wakaapa kwamba yanawafikia yakiwa bado ya moto. Mimi nina tabia ya ukaidi, kitu kisipolingana silali. Nikamchukua mhandisi tukashuka chini mimi na yeye. Elia hakuwepo, siku hiyo alikuwa zamu ya usiku.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane mchana. Kompyuta ya ofisini ilikuwa inasoma kumi na nne. Kioo cha mashine namba mbili kilikuwa kinasoma nane.

Mhandisi alikitazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akaketi juu ya gunia. Aliyeiweka saa ile alikuwa ameandika tunavyosema wenyewe, saa nane. Mashine ikaelewa ni nane ya asubuhi, yaani saa mbili yetu. Kumbe muda wote ilikuwa nyuma kwa saa sita nzima! Tulichagua majina, tukachagua sababu, saa moja ya kuwatosha wote tukaisahau. Mhandisi alisema kwenye viwanda vyote alivyozunguka hajawahi kukutana na kosa la namna hiyo. Nami nilicheka, wasomaji wangu... Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Tukairekebisha, na mhandisi akazisogeza taarifa zote za nyuma zikae kwenye saa zake za kweli. Lalamiko la bosi likaisha pale pale. Nilirudi ofisini nimefurahi, nikafungua kuangalia kazi yetu nzuri.

Usafi wote wa saa mbili asubuhi ulikuwa umehamia saa nane mchana.

Nilikaa naitazama ile kompyuta. Nani anasafisha mashine mchana, malori yakiwa yamejaa uwanjani? Kisha mkono wangu, sijui nani aliutuma, ukaitafuta siku aliyokufa mama. Mashine namba mbili ilikuwa imesimama kuanzia saa nane mchana mpaka jioni. Sababu, usafi. Neno langu mwenyewe!

Wakati napiga simu ile, mashine ilikuwa imezimwa. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho masikio yalisikia na moyo ukakataa. Nyuma ya sauti ya Elia hapakuwa na ngurumo yoyote... palikuwa na redio.

Kabla hajaenda zamu jioni ile, nilimpakulia chakula kama kawaida. Nikamwuliza siku mama anakufa alikuwa wapi. Nilikuwa namwomba Mungu amfanye Elia anidanganye. Nilishajiandaa kuamini uongo wowote, hata wa kitoto.

"Nilikuwa kwa Zuhura," alisema, macho kwenye sahani. "Nilijua mtafika tu. Bodaboda mbona zinafika siku zote."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba ya Zuhura. Akiondoka anaizima mashine, vijana wake wanapata mapumziko, wanaandika usafi, kila mtu anafurahi. Kiwanda kizima kule chini kilijua.

Mnadhani aliomba msamaha? Aliniuliza kama bosi ameshaona. Nilipomwambia bado, akasogeza kiti karibu, akanishika mkono.

"Irudishe ile saa ilivyokuwa, Mama Glory. Nikifukuzwa, mtoto atakula nini?"

Hapo ndipo ndoa yangu ilipokufa. Mwanamke mwingine ningeweza kumlilia nikamaliza. Lakini mume wangu alikuwa ameketi mbele yangu, kifo cha mama yangu kiko mezani kati yetu, na yeye anawaza kazi... Nikautoa mkono wangu taratibu. Sikuirudisha saa. Taarifa ilipanda kwa bosi kama ilivyokuwa, na Elia akafukuzwa kazi.

Ukoo wake ukaitisha kikao. Nilipiga magoti nikawaamkia wazee wote, shikamoo moja baada ya nyingine. Mama mkwe hakuitika. Alisema kwa Kinyaturu, polepole ili nisipoteze neno, kwamba mke mwenye akili humfunika mumewe, na mimi nimemwanika wangu mbele ya watu wa mjini. Hakuna aliyemtaja mama yangu. Si mmoja!

Nilimwona Elia kwa mara ya mwisho stendi, anapanda basi la kwenda upande wa Sekenke, ambako nasikia sasa anaendesha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Zuhura alikuwa pembeni yake, tumbo limeshatangulia, amejitanda khanga ya kijani. Niliitambua kwa kiraka alichokishona mama kwa mkono wake. Siku ile ya kuunganisha mifumo, Elia ndiye aliyeiweka saa ya mashine. Je, alikosea kama ambavyo yeyote kati yetu angekosea, au alijua anachofanya? Sikumwuliza, na siku hizi sitaki kujua.

Aliyebaki alikuwa kaka Daudi. Nilikwenda Sepuka nikiwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia. Nilipofika uani kwake yakapotea yote, nikabaki na shikamoo tu. Akaitika marahaba, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua mbegu zake. Nikamweleza kila kitu huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tulijua," alisema. "Dereva mmoja wa bodaboda aliliona gari pale siku ile ile. Tukasema ukiambiwa na sisi utatuchukia. Tukakusubiri."

Walinisubiri, wasomaji wangu! Mimi niliyemdharau kwa jembe lake.

Msiniulize kama mifumo ile ni mibaya. Ni mizuri, na kiwandani kwetu sasa kazi inakwenda. Kosa lilikuwa langu, kutaka kompyuta inijibu swali nililoogopa kumwuliza mume wangu mezani. Nawasihi, dada zangu na kaka zangu, mtu wako akikwambia hawezi kuja wakati mzazi wako anakata roho, muulize kwa nini siku hiyo hiyo, mdomo kwa mdomo. Na ndugu yako wa damu akiuliza swali linalokuuma, usimtukane. Huenda ameshaliona gari.

Mashine namba mbili ina msimamizi mwingine sasa, na inasafishwa asubuhi. Lakini siku moja moja umeme hukatika mchana, na kwenye kompyuta naiona imesimama saa nane. Najua ni umeme, sababu imeandikwa wazi. Hata hivyo kabla akili haijarudi, mkono unakuwa umeshashika simu, unatafuta namba ya mama... nimwambie avumilie kidogo, gari linakuja.